Kibali cha Kuingia Msituni: Mali ya Umma au Mali ya Idara?

Katika nchi iliyotangaza kwamba ardhi yote ni mali ya umma, swali la nani aingie msituni, kwa ruhusa ya nani na kwa malipo gani, haliwezi kuachiwa mabwana misitu peke yao. Ni swali la siasa, na kila swali la siasa sharti lichambuliwe na wanaohusika, yaani wakulima na wafanyakazi. Hata hivyo makada wengi wanaposikia neno kibali huliona kuwa jambo la karani na mhuri. Mwananchi akilalamika kwamba amezuiwa kupita kwenye msitu aliozaliwa kando yake, hujibiwa kwa neno moja: utaratibu. Mjadala unaishia hapo.

Makala hii inakusudia kukihakiki kibali chenyewe. Tutakitazama kama maandishi yanayoeleza uhusiano kati ya watu na mali yao. Tutaulizia asili yake. Kisha tutakipima kwa mambo yaliyotokea katika uwanda wa kati, yaani Dodoma, Kondoa, Singida na Babati. Tumechagua sehemu hizi kwa sababu maalumu. Ni nchi kavu, ambayo mvua yake katika Dodoma haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na ambayo kila kichaka kina kazi. Mahali ambapo mti ni haba, sheria ya mti huonyesha sura yake bila kujificha.

1. Kibali kinasema nini?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2004 na kuifuta ile ya kikoloni ya mwaka 1957, inaorodhesha shughuli ambazo mtu hawezi kuzifanya katika msitu wa hifadhi wa taifa au wa serikali za mitaa bila kibali. Humo mna kukata miti, kuvuna magogo, kulima, kulisha mifugo, kuchimba madini na kujenga. Na katika orodha hiyohiyo mna kuingia msituni kwa ajili ya utalii au kupiga kambi.

Tuitazame orodha hii kwa makini. Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mguu na shoka vimewekwa katika fungu moja. Anayeingia kutazama ndege na anayeingia na msumeno wote ni waombaji mbele ya meza moja. Lakini mmoja anatoka na pumzi aliyoivuta, na mwingine anatoka na gogo. Kuwaweka pamoja ni kusema kwamba kosa la msingi ni kuingia, wala si kuharibu. Msimamo huo una maana moja tu: msitu una mwenyewe, na mwenyewe huyo siye yule anayeingia.

Jambo la pili ni kwamba sheria inamjua vizuri mtalii. Mtalii ana jina, ana ada, ana stakabadhi. Na ada yenyewe hutofautiana kati ya raia na asiye raia. Lakini yuko wapi mama wa kijiji anayekatiza msituni kwenda kwa wakweze? Yuko wapi mzee anayekwenda kwenye makaburi ya babu zake, au kijana wa kiwandani anayetaka kukaa chini ya mti siku ya Jumapili? Hawa hawana fungu lao. Wakiingia, ama wajifanye watalii na walipe, ama wakae kimya na waombe Mungu wasikutane na mlinzi.

Ni haki kusema kwamba sheria hiyohiyo inatambua haki za mila za watu waliokuwapo kabla ya msitu kutangazwa hifadhi, na inafungua mlango wa wanakijiji kusimamia msitu pamoja na Serikali. Hilo ni jema, na tutalirudia. Lakini angalia mizani. Mgeni huthibitisha haki yake kwa kulipa, na kazi imekwisha. Mwenyeji huthibitisha haki yake kwa kikao, kwa ramani, kwa mashahidi na kwa maandishi, katika nchi ambayo haki nyingi za wakulima hazikuandikwa kamwe. Fedha inaaminika papo hapo, bali mila inadaiwa ushahidi. Huo ndio mgongano wa kwanza ndani ya kibali.

2. Asili ya kibali

Desturi hii haikuletwa na wakulima. Wazee wa uwanda wa kati walikuwa na makatazo yao: vilima visivyolimwa, miti isiyokatwa, mahali ambapo mtu haingii bila idhini ya mwenye tambiko. Makatazo hayo yalikuwa makali, tena mara nyingine yalitumika kulinda ukubwa wa watemi na wakuu wa koo. Hatuna haja ya kuyapamba. Lakini yalitungwa na watu walioishi na msitu, na aliyekataza alikuwa anajulikana, anaulizwa, na alikunywa maji ya kisima kimoja na aliyekatazwa.

Wajerumani walipotoa amri yao ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, mambo yaligeuka. Msitu ulianza kuwa mali ya dola, na mwenyeji akawa mvamizi katika nchi yake. Waingereza wakaendeleza kazi hiyo kwa sheria yao ya mwaka 1921, na baadaye kwa ile ya mwaka 1957 ambayo tuliitumia kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Uhuru. Kibali cha msitu ni ndugu wa kipande. Kipande kilimwambia Mwafrika wapi afanye kazi na kwa siku ngapi. Kibali kilimwambia wapi asikanyage. Vyote viwili vilikuwa karatasi mikononi mwa mtu asiyejua kuisoma, iliyosainiwa na mtu asiyemjua.

Lakini je, mkoloni aliyemkataza Mgogo kukata fito alikuwa na uchungu na msitu? Tuulize Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mpango wa karanga, ikikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaling'oa vichaka na mibuyu ya Ugogo, na udongo ukabaki wazi kwa jua na upepo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na paundi za Kiingereza zaidi ya milioni 30 zikawa zimepotea. Hakuna mwanakijiji wa Kongwa aliyeombwa kibali. Hapo ndipo siri ya kibali cha kikoloni inapofichuka: hakikuwekwa kumzuia anayeharibu zaidi, kiliwekwa kumzuia aliye mnyonge zaidi.

3. Kondoa: fundisho la HADO

Kama tungelaumu wakoloni tu tungekuwa tunajidanganya. Lazima tuyahakiki pia matendo yetu wenyewe baada ya Uhuru, maana ugonjwa wa kumwona mwananchi kuwa mvamizi haukuondoka na bendera ya mkoloni.

Mwaka 1973, mwaka uleule ambao Chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Uswidi. Makorongo ya Kondoa yalikuwa yanatisha. Udongo mwekundu wa milima ya Irangi ulikuwa ukiteremka kila masika, ukizika mashamba ya mabondeni. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusema kwamba hali ile ingeachwa.

Matuta yalichimbwa, miche ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula. Basi mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoathirika zaidi, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Mifugo iliyokadiriwa kuwa kati ya 85,000 na 90,000 ikatolewa. Watu wakabaki, maziwa, samadi na mahari vikaondoka.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili, na mchambuzi mwaminifu hana budi kuyataja yote mawili. Kwanza, nchi ilipona. Majani na vichaka vilirudi, makorongo mengi yakatulia, na mashamba yakalimwa mahali palipokuwa mchanga mtupu. Aliyeiona Kondoa ya 1973 na akaiona ya miaka ishirini baadaye hawezi kukana. Pili, uponyaji huo ulilipiwa na wale waliokuwa na uwezo mdogo kabisa wa kulipa. Mwenye mifugo mingi alikuwa na ndugu na marafiki nje ya eneo, akahamisha kundi lake. Mwenye ng'ombe wawili aliuza kwa bei ya kutupa. Wengine wakarudisha mifugo usiku, wakakamatwa, wakatozwa faini. Katika macho ya sheria mtu aliyefuata majani ya kilima cha baba yake akawa mhalifu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ulipoletwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wachache, wafungiwe zizini na kuletewa majani.

Fundisho ni nini? Ni kwamba hifadhi inaweza kuwa ya kweli na amri yake ikawa ya kirasimu kwa wakati mmoja. Lengo jema halihalalishi kila njia. Na tena, mti uliooteshwa kwa amri hulindwa kwa amri: siku askari akiondoka, mti nao hauna rafiki.

4. Kolo: mgeni na mwenye tambiko

Katika wilaya hiyohiyo ya Kondoa kuna mahali ambapo swali la kibali linaonekana wazi kama mchana. Ni Mungumi wa Kolo, penye michoro ya kale iliyochorwa miambani. Mahali hapa pamelindwa na sheria ya kumbukumbu tangu mwaka 1937. Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini Mungumi hapakuwa jumba la makumbusho kabla ya hapo, wala hapajawa hata sasa. Warangi wanaoishi kando yake hupanda pale kuomba mvua na kutafuta uponyaji. UNESCO yenyewe ilipoiandika michoro hii ilitaja kwamba uhusiano huu ulio hai na watu wa sasa ni sehemu ya thamani yake. Kwa maneno mengine, dunia imepasifu mahali hapa kwa sababu mwenyeji bado anapatumia.

Sasa tazama mgongano. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, iliandikwa kulinda vitu: mawe, michoro, magofu. Haikuandikwa kulinda tendo la mtu. Kwa hiyo mgeni kutoka ng'ambo anayekuja na kamera anajua pa kwenda: anapata cheti chake, anapewa wa kumwongoza, anapanda. Mwenye tambiko anayekuja na mbuzi na pombe yake ya nafaka ni tatizo la kiutawala.

Watu watasema: lakini pombe ikinyunyiziwa mwambani huharibu michoro. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kuipuuza. Mchoro uliofutika haurudi, wala kizazi kijacho cha Warangi hakitatushukuru. Lakini wageni nao katika nchi mbalimbali wamewahi kuimwagia maji michoro ya miambani ili picha zao zitoke vizuri, na hakuna aliyependekeza kwamba utalii wote upigwe marufuku. Walielekezwa, wakapewa masharti. Kwa nini mgeni aelekezwe na mwenyeji afukuzwe? Mzee wa tambiko akiitwa kikaoni, akaonyeshwa madhara, akaulizwa ni sehemu gani ya mwamba ifaayo kwa ibada na ipi iachwe, atakuwa mlinzi wa kwanza. Wakati wa ukoloni palijengwa vizimba vya mbao na waya kuikinga michoro. Wananchi walivibomoa, wakachukua mbao na waya kwa matumizi yao. Haikuwa chuki kwa michoro. Ua uliojengwa bila wao ulikuwa kwao ni mbao na waya tu.

5. Kibali cha kijiji: Duru-Haitemba na Mgori

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tunapinga kila kibali. Sivyo. Tunauliza kibali kinatoka kwa nani na kinazuia nini. Jibu lilipatikana katika uwanda wetu wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Karibu na Babati kuna misitu ya miombo ya Duru-Haitemba, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 9,000. Serikali ilikusudia kuitangaza kuwa hifadhi. Vijiji vinane vilivyouzunguka msitu vilipoona mipaka inapimwa, watu wengi walikata na kulima haraka kabla mlango haujafungwa. Tendo hilo lilionekana kuwa ujinga wa wakulima. Kumbe lilikuwa hesabu sahihi: kitu kinachochukuliwa kesho hutumiwa leo.

Mwaka 1994 ukafuatwa mkondo mwingine. Vijiji viliambiwa: msitu ni wenu, utengenezeeni utaratibu. Kamati zikaundwa, sheria ndogo zikatungwa, vijana wa kijiji wakachaguliwa kuwa walinzi. Jambo linalotuhusu hapa ni jinsi vijiji vilivyogawanya matumizi. Fungu la kwanza lilikuwa la mambo yaliyo huru kwa kila mwanakijiji, kama kuokota kuni kavu, kuchuma dawa na kupita. Fungu la pili lilikuwa la mambo yanayohitaji kibali cha kamati, kama kukata nguzo za nyumba. Fungu la tatu lilikuwa la mambo yaliyokatazwa kabisa, kama kuchoma mkaa na kufyeka mashamba mapya. Ulinganishe mgawanyo huo na orodha ya sheria tuliyoihakiki mwanzoni! Wakulima, bila wanasheria, walitenganisha mguu na shoka.

Huko Singida, katika msitu wa Mgori wenye zaidi ya hekta 40,000, vijiji vitano vilishika njia hiyohiyo baada ya mpango wa kuufanya hifadhi ya Serikali kuachwa. Watu wa nje waliokuwa wakifyeka na kuwinda wapendavyo walikutana na walinzi ambao hawakuwa na mshahara lakini walikuwa na sababu. Mafanikio haya ndiyo yaliyosaidia kuingiza misitu ya vijiji katika sera ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002. Na jambo hili si dogo, kwa kuwa tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kati ya hekta milioni 48.1 za misitu nchini, karibu nusu imo katika ardhi za vijiji.

Hatusemi kwamba vijiji ni pepo. Kamati nazo huweza kushikwa na wenye nguvu. Mwenyekiti huweza kumuuzia mchoma mkaa kibali gizani. Tofauti ni kwamba mwenyekiti hukaa kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kumsimamisha na kumdai hesabu, iwapo wanachama wake wana mwamko wa kufanya hivyo. Karani wa makao makuu hadaiwi hesabu na mtu yeyote wa Kondoa.

6. Wafadhili wanafanyaje kwao?

Tumeona kwamba Uswidi ilifadhili HADO. Uswidi hiyohiyo ilisaidia pia kazi ya Duru-Haitemba. Ni vyema basi kujua Waswidi wanaishije na misitu yao wenyewe.

Kwao kuna haki ya kila mtu, desturi ya kale iliyotajwa katika katiba yao tangu mwaka 1994. Mtu yeyote, tajiri au fukara, mwenyeji au mgeni, anaweza kutembea msituni, hata msitu wa mtu binafsi, akachuma matunda pori na uyoga, akalala usiku mmoja katika hema, bila kibali na bila senti. Masharti ni mawili: usisumbue, usiharibu. Wakati wafadhili wa HADO walipokuwa wakilipia mradi uliofunga vilima vya Kondoa, raia wao walikuwa wanaokota uyoga katika misitu ambayo hakuna aliyewauliza jina. Hatuwalaumu kwa kuwa na haki hiyo. Tunajilaumu sisi tuliopokea fedha yao bila kuuliza habari za haki yao.

Waingereza nao hawakupewa haki ya kutembea milimani kwa hisani ya makabaila. Mwaka 1932 vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani walipanda kwa pamoja kilima cha Kinder Scout, kilichokuwa kimefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 ndipo ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa na ya kuwafungulia watu njia mashambani.

Hata Marekani, ngome ya ubepari, mambo haya yamegombewa. Mwaka 1996 Bunge lao liliruhusu majaribio ya kuwatoza watu ada za burudani katika misitu ya umma. Wananchi wengi walipinga, wakisema wanauziwa mali yao. Sheria ya mwaka 2004 ikaweka mpaka: idara ya misitu isitoze ada kwa mtu anayepita tu kwa miguu pasipo kutumia huduma zilizojengwa. Mabepari wenyewe wamelazimika kukubali kwamba kutembea si bidhaa!

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano wenye pande mbili. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipojaribu kuuokoa msitu wa Karura, Nairobi, usigawiwe wakubwa. Msitu uliokolewa, na leo maelfu hutembea humo kwa usalama. Lakini una ua na geti, na anayeingia hulipa. Mapambano ya kumzuia mnyang'anyi yalishinda. Suala la maskini wa Nairobi asiye na kiingilio bado lipo.

7. Burudani ni ya nani?

Baadhi ya makada hudhani kwamba burudani msituni ni anasa ya Wazungu, na kwamba mkulima hana haja nayo kwa sababu anakaa humo daima. Hii ni kasumba. Mtu hubagua kazi na mapumziko kila mahali. Wanaokwenda kurina asali huko kwa Wasandawe hupiga hadithi; watoto wanaookota ukwaju na ubuyu hucheza. Kilichotokea ni kwamba mapumziko ya mkulima hayakupewa jina, na kisichopewa jina hakipewi haki.

Zaidi ya hayo, Dodoma ya leo si ile ya mwaka 1973. Jiji lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya mwaka 2012. Mwaka 2022 lilikuwa na watu 765,179. Tangu Serikali ilipohamia kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, wamekuja makarani, walimu, wajenzi, madereva, mama lishe na wanafunzi wa vyuo. Wengi wanapanga chumba kimoja chenye joto la bati. Mpango mkuu wa makao makuu wa mwaka 1976 ulitoa nafasi kwa maeneo ya wazi na mikanda ya miti. Mwaka 2017 ikaanzishwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, na wananchi wakapanda miti. Ni halali yao kuuliza: miti hii ikikua, tutakaa chini yake, au tutaitazama kupitia seng'enge?

Jengo la wizara linaweza kuwa zuri sana, lakini mfanyakazi hapumziki chini ya ngazi zake. Mji usio na mahali pa bure pa kukaa humfundisha mtu wake kwamba pumziko linauzwa baa. Mwenye fedha atakwenda Tarangire kwa gari. Mwenye nauli ya daladala atabaki mtaani. Kwa njia hiyo hata kivuli kinagawanywa kwa matabaka.

8. Hoja mbili za wapinzani

Hoja ya kwanza inasema: ukifungua msitu, utakwisha. Tunajibu kwamba magunia ya mkaa hayapiti kwenye dirisha la tiketi. Yanapita kwa baiskeli alfajiri, na kwa malori yenye karatasi na yasiyo na karatasi. Msitu unamalizwa na shoka, na nyuma ya shoka kuna njaa ya mchomaji, jiko la mjini na faida ya mchuuzi. Kumzuia mtembeaji ili kumkomesha mchoma mkaa ni kufunga dirisha wakati mwizi amepita mlangoni. Tena, njia inayotembewa na watu wengi ina macho mengi. Mharibifu hupenda mahali pasipo na watu.

Hoja ya pili inasema: ada ndiyo inayolipa walinzi. Hili nalo lina ukweli. Mgeni anayekuja kwa starehe anaweza kuchangia, na huduma iliyojengwa ina gharama. Lakini idara ikizoea kula kutokana na geti, itatazama geti kuliko msitu. Itajali misitu yenye wageni na kusahau vichaka vya Itigi na Chenene visivyo na mtalii, ingawa vichaka hivyo ndivyo vinavyoshika udongo na kuhifadhi maji. Jiji la Dodoma linakunywa maji ya visima vya Makutupora. Thamani ya majani yanayolinda bonde lile haiwezi kupimwa kwa stakabadhi za kiingilio.

9. Yafanyike nini?

Kuhakiki bila kupendekeza ni kulalamika. Tunaweka mbele ya wasomaji mapendekezo matano yajadiliwe.

(a) Mguu utenganishwe na shoka. Kutembea, kupita, kukaa na kutazama kuwe huru kwa kila raia katika misitu ya umma, isipokuwa mahali palipotajwa kwa sababu maalumu.

(b) Panapofungwa, sababu na muda vitangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, katika ofisi ya kijiji: miche bado michanga, chanzo cha maji, michoro ya kale. Katazo lisilo na sababu ni ubwana.

(c) Ada itozwe kwa huduma iliyopo kweli, kama kiongozi wa njia, kambi, maji na choo. Isitozwe kwa ardhi yenyewe.

(d) Haki ya mwenyeji ya kuni kavu, dawa, makaburi na tambiko isidaiwe ushahidi wa karatasi. Kijiji kiandikishe haki hizo kwa pamoja, na mipaka yake iwekwe na wenye kuzitumia, kama ilivyofanyika Duru-Haitemba.

(e) Fedha yote inayotokana na wageni wa msitu isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kinachoupakana, na sehemu yake ibaki hapo. Anayelinda ajue analinda nini na kwa ajili ya nani.

Utekelezaji wa mambo haya hausubiri sheria mpya katika kila kipengele. Misitu ya vijiji tayari imo mikononi mwa vijiji. Kada aliyeko Chemba, Bahi au Manyoni anaweza kuanza kesho kwa kuuliza katika mkutano: msitu wetu una sheria ndogo? Nani alizitunga? Zinamruhusu nani, zinamzuia nani? Mara nyingi atakuta karatasi iliyonakiliwa kutoka wilayani, ambayo wanakijiji hawajawahi kuisikia ikisomwa. Kazi ya siasa inaanzia hapo.

Mali ya umma haiwi ya umma kwa kuandikwa tu kwenye kibao cha njiani. Inakuwa ya umma pale mwenye jembe anapoweza kuiingia bila woga, kuitumia bila kuiharibu, na kumuuliza msimamizi wake hesabu. Kibali kinachosaidia hayo tukilinde. Kibali kinachoyazuia tukivunje kwa utaratibu wa vikao vyetu, kwa maana hicho ni kipande kilichobadilishwa jina.